Sweta, Mizani na Mwanafunzi: Kufundisha Upimaji wa Watoto Wachanga Ogembo

Katika kliniki ya mama na mtoto, kupima uzito huonekana kazi nyepesi kuliko zote, na kwa sababu hiyo mwanafunzi mgeni hukabidhiwa mizani kabla ya kitu kingine chochote. Makala haya yanashikilia kwamba kazi hiyo ni ngumu, na inastahili kufundishwa kama ngumu.

Asubuhi za Ogembo, mji wa Ugusii nchini Kenya, ni baridi. Mtoto anayeletwa katika hospitali ya Gucha huwa amevalishwa sweta na kofia, kisha akafunikwa shali. Foleni ikiwa ndefu, mwanafunzi hushawishika kumpima hivyohivyo.

Hesabu inaonyesha hasara yake. Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani vya 2006, mvulana wa wastani ana kilo 7.9 akitimiza miezi 6, na 8.9 akitimiza 9. Hiyo ni takriban gramu 330 kwa mwezi. Sweta, kofia na nepi iliyolowa vinaweza kufikia uzito huo, na mtoto ambaye hajaongezeka hata kidogo akaonekana anaendelea vizuri. Tena ni umri uleule ambao maziwa ya mama pekee hayamtoshi, uji unaanza, na kuhara hunyemelea.

Basi nguo zivuliwe. Lakini mwanafunzi asizivue kwa amri. Mwanaanthropolojia Robert LeVine na wenzake, waliofanya utafiti Ugusii miaka ya 1950, waliandika kuhusu hofu ya wazazi kwamba jicho la mtu fulani laweza kumdhuru mtoto mchanga. Mama anayesita kumvua mwanawe mbele ya benchi lililojaa watu ana sababu zake, na baridi ni mojawapo. Pazia, chumba chenye joto na maelezo mafupi kwa Ekegusii hufanya kazi ambayo ukali hauwezi.

Kisha kuna mchoro wa ukuaji. Wanafunzi wengi huandika kilo kwenye kijitabu cha mama na mtoto wakaacha kuweka nukta, ilhali tarakimu moja haisemi mengi: mtoto mdogo anayepanda sambamba na mstari wake huenda yu salama, na mnene aliyekwama miezi miwili anahitaji kuulizwa habari zake. Na ukuaji duni si jambo adimu: kitaifa, watoto wa chini ya miaka 5 waliodumaa walipungua kutoka asilimia 26 mwaka 2014 hadi 18 mwaka 2022. Bado ni karibu mmoja kati ya watano.

Utafiti uliozaa viwango vya Shirika la Afya Duniani, katika nchi sita zikiwemo Ghana na Oman, ulitumia wapimaji wawili kwa kila mtoto, kila mmoja akiandika peke yake. Wakitofautiana kwa zaidi ya gramu 100, walirudia. Wakufunzi wa Ogembo wanaweza kuanza na zoezi hilohilo: wanafunzi wawili, mtoto mmoja, karatasi mbili, na mizani iliyorudishwa sifuri kabla ya kila kipimo.