Sauti ya Albert Kudjabo na majina yasiyoandikwa
(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa ukoo, Brussels)



Kamati imeniagiza niseme machache juu ya historia yetu katika mji huu. Wengi hudhani kwamba Mkongo alianza kuonekana Brussels tulipofika sisi, na kwamba kabla ya Matonge hapakuwa na mtu. Sivyo. Huko huko Ixelles, mnakokwenda Jumamosi kutafuta sombe na makayabu, alisoma kijana wa Kikongo aliyeletwa Ubelgiji mwaka 1900, naye ni Paul Panda Farnana. Mwaka 1907 alipata stashahada ya kilimo huko Vilvoorde, kisha serikali ya koloni ikamwajiri awe bwana shamba. Mniwie radhi nikimsifu kupita kiasi. Ni mtumishi wa serikali mwenzangu.

Vita vilipozuka Agosti 1914 Panda alikuwa Ubelgiji. Alijiandikisha katika kikosi cha Wakongo wa kujitolea chini ya kanali Chaltin, akatekwa Namur, akafungwa Ujerumani miaka minne. Mwaka 1919 yeye na wenzake waliunda Union Congolaise, chama cha kusaidiana kama hiki chetu. Alidai Wakongo wapewe elimu na nafasi katika utawala wa nchi yao, na mwaka 1921 alishiriki katika Mkutano wa Waafrika wote uliokaa hapa Brussels pamoja na Du Bois wa Marekani. Alifariki mwaka 1930, amerudi kwao.

Lakini leo napenda nikae zaidi kwa Albert Kudjabo, kwa maana huyu ni wa upande wetu, mtu wa Kilo-Moto, Ituri, penye migodi ya dhahabu. Naye pia alitekwa Namur. Wataalamu wa Kijerumani walikuwa wakizunguka makambi ya wafungwa wakikusanya lugha za ulimwengu, na mwaka 1917 walimweka Kudjabo mbele ya pembe ya kunasia sauti. Aliimba. Sauti yake ingali Berlin, katika hazina ya sauti ya Chuo Kikuu cha Humboldt. Aliyeihifadhi ni adui, wala hakufanya hivyo kwa mapenzi. Hata hivyo ameihifadhi, na kitukuu wa Kudjabo aweza kumsikia.

Wakongo waliovaa sare ya Ubelgiji huku Ulaya katika vita vile wanajulikana mmoja mmoja: ni 32. Sasa tazameni upande wa kwetu. Katika vita vya Afrika, ambamo askari wa Force Publique waliingia Tabora Septemba 1916, mizigo ilibebwa na wapagazi zaidi ya 200,000. Pale Square Riga, Schaerbeek, liko sanamu la kuwakumbuka wanajeshi wa vita vya Afrika, lililozinduliwa mwaka 1970. Mpagazi hana jina pale. Nimeshika majalada maisha yangu yote ya kazi, nami najua desturi yake: mtu wa mshahara huandikwa jina, mtu wa kubeba huhesabiwa kichwa.

Babu ya wazee wetu alikuwa kichwa kimojawapo. Marehemu baba alituambia kwamba alirudi na kovu la kamba begani. Alirudi mwaka gani? Tawi la Liège lasema hivi, tawi la Bukavu lasema vile, na tumebishana tangu mikutano hii ianze.

Shangazi yetu mkubwa, mwenye miaka 91, yumo humu ukumbini. Ndiye peke yake aujuaye wimbo ambao babu aliwaimbia watoto jioni, wimbo wa njia ya Tabora. Hakuna mwingine miongoni mwetu awezaye kuumaliza. Vijana wameleta kinasa sauti. Baada ya chakula, kabla ya ngoma, ataketi katika chumba cha pembeni. Watakaoingia wasimsahihishe miaka wala wasimkatize. Aanze na majina ya wanawake waliobaki kijijini wakilima, kisha aje kwenye safari, na wimbo auimbe mwisho, akiwa amekwisha kunywa chai yake.