Gurudumu la Akiba Likaguliwe Kabla ya Safari

Maelezo kwa madereva, makondakta, wamiliki wa magari ya abiria na wakaazi wa Kaunti ya Taita Taveta



Matatu inapotoka steji ya Voi alfajiri kuelekea Mombasa, Taveta au Wundanyi, kuna mambo ambayo dereva huyatazama bila kuambiwa: mafuta, maji, breki, taa na magurudumu manne yaliyo chini. Gurudumu la tano, ambalo wengi huliita spea, halitazamwi. Liko uvunguni, nyuma kabisa, limefunikwa na tope la msimu uliopita. Halipigi kelele wala halitikisi usukani. Hukumbukwa siku tairi inapopasuka njiani, na aghalabu siku hiyo ndipo hugunduliwa kwamba halina upepo, au halishuki, au halipo.

Wahenga walisema akiba haiozi. Akiba ya tairi huoza. Mpira huzeeka hata usipotembea, upepo hupungua kidogo kidogo kila mwezi, na mnyororo unaolishikilia gurudumu hushika kutu.

Katika kaunti hii jambo hili si dogo. Barabara kuu ya Mombasa kwenda Nairobi hupita kati ya mbuga za Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi. Kati ya Voi na Mtito Andei kuna sehemu ndefu zisizo na duka wala fundi. Malori mazito hupita usiku na mchana, na ndovu huvuka barabara giza likiingia. Gari la abiria 14 lililokwama hapo saa moja jioni ni watu 14 waliosimama kandokando ya hatari. Mmoja huenda anampeleka mtoto hospitalini. Mwingine ana magunia ya mboga kutoka Wundanyi ambazo soko halitazisubiri. Dakika kumi za ukaguzi asubuhi zingewafikisha wote.

Ukaguzi unaofaa

Kwanza, gurudumu literemshwe. Kulichungulia tu hakutoshi. Katika Toyota HiAce, ambayo ndiyo wengi wanaiendesha hapa, spea hufungwa chini ya sakafu ya nyuma kwa mnyororo. Huteremshwa kwa kuingiza mkono wa jeki katika tundu la nyuma na kuuzungusha. Mnyororo ukigoma mbele ya nyumba, fundi ataufungua kwa mafuta na subira. Ukigoma Maungu usiku, hakuna wa kuufungua. Inafaa uteremshwe angalau mara moja kwa mwezi, usafishwe tope na kupakwa grisi.

Pili, upepo upimwe. Kipimo kinachotakiwa huandikwa kwenye kibandiko kilicho katika fremu ya mlango wa dereva au katika kitabu cha gari. Upepo hupimwa tairi ikiwa baridi, yaani kabla ya gari kutembea. Kwa kuwa mizigo na abiria hubadilika, spea hujazwa kile kipimo cha juu kinachoruhusiwa na mwenye kuliunda gari. Kupunguza upepo njiani ni rahisi, lakini kuuongeza bila pampu haiwezekani. Vali nayo iwe na kifuniko chake, maana vumbi na mchanga huiharibu.

Tatu, mpira wenyewe utazamwe. Ndani ya mifereji ya tairi kuna vinundu vidogo. Meno yakilika hadi kulingana na vinundu hivyo, kina kilichobaki ni milimita 1.6 na tairi hiyo imekwisha. Ubavuni pasiwe na nyufa, uvimbe wala mkato. Umri pia huandikwa ubavuni, katika tarakimu nne za mwisho za namba inayoanza na herufi DOT. Tarakimu 2319, kwa mfano, zina maana kwamba tairi iliundwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi inaweza kuwa na meno yote na bado ikawa imezeeka kwa kulala uvunguni miaka mingi.

Nne, tairi iwe ya kubeba mzigo. Hapa ndipo wamiliki wengine hutafuta nafuu na kununua hasara. Tairi ya van yenye maandishi 195R15C huwa na herufi C kuonyesha kwamba ni ya magari ya kazi, na nyingi za aina hiyo huwa na namba 106/104. Namba 106 ina maana kwamba tairi moja hubeba hadi kilo 950. Tairi ya gari dogo la nyumbani yenye namba 91 hubeba hadi kilo 615. Zote zinaweza kuwa nyeusi na mviringo, lakini ile ya pili ikiwekwa chini ya gari lililojaa watu na magunia, imebebeshwa isichokiweza.

Tano, vifaa vihesabiwe: jeki isiyovuja mafuta, spana ya magurudumu inayoenea nati sawasawa, kipande cha ubao mgumu, vizuizi viwili vya gurudumu, tochi, fulana ya kung'aa na zile pembetatu mbili za kung'aa. Kifaa kilichoazimwa na gari jingine jana kihesabiwe kuwa hakipo.

Tairi ikipasuka njiani

Dereva asikanyage breki kwa ghafla. Ashike usukani kwa nguvu, aondoe mguu kwenye mafuta, aache gari lipunguze mwendo, kisha alitoe barabarani kabisa hadi mahali pagumu na tambarare. Kuendesha pole pole mita mia mbili zaidi kunaweza kuharibu rimu, lakini rimu hununuliwa. Kusimama kwenye kona ya kupandia Wundanyi kunaweza kuleta msiba.

Taa za dharura ziwashwe. Abiria washuke kwa mlango wa kando, wasogee mbali na lami, wasikae mbele wala nyuma ya gari. Mtu yeyote asibaki ndani gari likiinuliwa, hata aliyelala. Pembetatu ziwekwe mbele na nyuma, mbali kiasi cha kumpa dereva wa lori nafasi ya kupunguza mwendo.

Breki ya mkono ivutwe na gari litiwe gia, lakini hayo mawili hayatoshi. Katika gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma kama HiAce, gurudumu moja la nyuma likiinuliwa, gia haiwezi tena kulizuia gari, kwa sababu gurudumu lililo hewani huzunguka bure. Kwa hiyo gurudumu la upande wa pili liwekewe vizuizi mbele na nyuma. Katika mteremko jambo hili ndilo linalotenganisha kazi na ajali.

Nati zilegezwe kidogo gurudumu likiwa bado chini. Jeki iwekwe mahali palipoonyeshwa katika kitabu cha gari, juu ya ubao ikiwa ardhi ni ya mchanga. Spea ilazwe chini ya gari karibu na jeki wakati wa kazi, ili jeki ikiteleza gari liangukie gurudumu na si mtu. Asiingie mtu uvunguni, hata mkono tu. Lori zito likipita kwa kasi, upepo wake hutikisa gari lililo juu ya jeki, basi anayefanya kazi asogee kando lori linapokaribia.

Gurudumu jipya likishaingia, nati zikazwe kwa mkono kwanza, kisha gari lishushwe na nati zikazwe kwa spana kwa kuvuka kutoka upande mmoja hadi upande unaoelekeana nao. Zikikazwa kwa kufuatana kwa mduara, gurudumu linaweza kukaa upande. Nati hazipakwi grisi, na spana haikanyagwi kwa kurukiwa. Nguvu ikizidi hukata uzi wa boliti.

Baada ya kazi

Gurudumu lililopasuka lipandishwe mahali pa spea na mnyororo ukazwe hadi lisicheze. Gurudumu lililolegea linaweza kuanguka mbele ya gari linalofuata. Baada ya kilomita 50 hivi, dereva asimame na kukaza nati tena. Siku hiyo hiyo tairi ipelekwe kwa fundi wa pancha, kwa sababu kuanzia hapo gari halina akiba.

Kuna jambo la mwisho, nalo linawahusu wote wanaotumia barabara. Mawe yaliyozuia gurudumu na matawi yaliyowekwa kuonya wengine huachwa barabarani gari likishaondoka. Usiku mwendesha bodaboda hulikuta jiwe katikati ya lami, bila taa na bila onyo. Aliyeliweka amekwisha kufika nyumbani. Safari haijaanza upya mpaka kondakta ameondoa kila jiwe na kila tawi.

Mmiliki anayemdai dereva hesabu ya siku amnunulie pia tairi nzuri. Dereva asikubali kuondoka steji bila spea, maana akikwama ni yeye atakayelala msituni. Ukaguzi wa magari ya abiria unaosimamiwa na NTSA hufanyika mara moja kwa mwaka, na siku zinazobaki mkaguzi ni dereva mwenyewe. Abiria naye ana haki ya kuuliza kabla ya kulipa nauli: spea ipo, na ina upepo?

Gari likikwama mahali pa hatari au mtu akiumia, piga simu ya dharura 999 au 112.

Tahadhari kabla ya hatari. Safari njema.