Mzani Hausemi Yote: Uzito, Afya na Bidhaa za Kupunguza Unene



Kwa miaka mingi jamii zetu zimehesabu unene kuwa dalili ya neema, na aliyekonda huulizwa anaumwa nini. Siku hizi wembamba nao umekuwa bidhaa, huuzwa kwa pakiti na chupa. Fikra zote mbili huupima mwili kwa macho, ilhali afya haionekani kwa macho peke yake.

Shirika la Afya Duniani hutumia hesabu nyepesi: kilo za mtu mzima hugawanywa kwa urefu wake wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mwenye kilo 80 na urefu wa mita 1.60 hupata 31. Jibu lililo kati ya 18.5 na 24.9 ni uzito wa kawaida. Kuanzia 25 ni uzito uliozidi. Kuanzia 30 ni unene uliokithiri, ambao huongeza hatari ya kisukari, shinikizo la damu na maradhi ya moyo. Walakini hesabu hiyo haitofautishi misuli na mafuta. Mafuta yanayozunguka ini na matumbo ndiyo yenye madhara zaidi. Kwa hiyo pimeni na kiuno. Hatari huanza kupanda kinapozidi sentimita 80 kwa mwanamke na 94 kwa mwanamume. Mwembamba naye asijione amesalimika, kwani shinikizo la damu halibishi hodi.

Kwa aliyezidisha uzito, nafuu haihitaji miujiza. Kupunguza asilimia 5 tu, yaani kilo 4 kwa mwenye kilo 80, huweza kushusha shinikizo na sukari katika damu.

Hapa ndipo tunapowatahadharisha. Sibutramini, dawa ya kupunguza hamu ya kula, iliondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010, baada ya kubainika kuwa huongeza hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi. Hata hivyo, wadhibiti wa nchi mbalimbali wameendelea kuikuta ndani ya bidhaa zinazoitwa za asili, bila kutajwa kwenye lebo. Chai nyingine zina majani ya sena, ambayo huharisha. Kinachopungua ni maji, wala si mafuta.

Basi, kabla ya kununua, someni lebo: viambato, jina la mtengenezaji, namba ya usajili na tarehe ya mwisho wa matumizi. Muulizeni mfamasia. Bidhaa inayoahidi matokeo ya siku chache bila kubadili mlo wala kuushughulisha mwili, iacheni dukani. Aliyekwisha kuitumia, akahisi moyo kwenda mbio, kizunguzungu au maumivu ya kifua, aende kituo cha afya upesi, akiwa na pakiti yake mkononi. Pakiti hiyo itamsaidia mganga kumtibu, nasi itatusaidia kuiondoa bidhaa hiyo sokoni kabla haijamfikia mwingine.