Kabla Mama Hajatoa Hati ya Kiwanja: Viza ya Kazi Baada ya Masomo Ng'ambo



Haya ni mazungumzo tuliyofanya Likoni na vijana baada ya swala ya Isha. Wa Kisauni na Changamwe mliokosa kuvuka feri mliomba yaandikwe. Tumeyaandika kama yalivyosemwa, tumepunguza marudio tu.

Kaka zangu na dada zangu, nianze na mama mmoja wa hapa hapa Likoni. Alikuja na bahasha ya kaki, na mwanawe wa kiume nyuma yake kashika simu. Ndani ya bahasha mna vitu viwili. Cha kwanza ni hati ya kiwanja cha shamba la Waitiki. Nyinyi wadogo huenda hamjui hati ile ina uzito gani. Zile ni ekari 930, watu wamekaa pale miaka wakiitwa maskwota kwenye ardhi waliyozikia wazee wao, hadi serikali ikanunua na hati zikaanza kutolewa Januari 2016. Cha pili ni karatasi ya ajenti, ina picha ya kijana kavaa joho anacheka. Imeandikwa: masta mwaka mmoja Uingereza, kisha kazi miaka miwili, imehakikishwa.

Mama akaniambia, "Mwanangu, nisomee hii vizuri, kesho naenda kumuona mnunuzi."

Nikamuuliza yule kijana, unaanza masomo lini? Akasema Septemba 2026. Haya, nikamwambia tuhesabu pamoja kwa vidole. Nanyi hesabuni, manake hapa ndipo watu wanapoliwa.

Uingereza kuna viza inayompa mwanafunzi aliyemaliza digrii ruhusa ya kubaki na kufanya kazi bila kutafutiwa mdhamini. Ilifunguliwa tarehe 1 Julai 2021. Ni miaka 2 kwa digrii na masta, 3 kwa aliyemaliza PhD. Mpaka hapo ajenti hajasema uongo. Lakini serikali yao imeshatangaza kwamba atakayeomba kuanzia tarehe 1 Januari 2027 kwa digrii au masta atapewa miezi 18 tu. Sasa kijana wetu anaanza Septemba 2026, masta ni mwaka mmoja, atamaliza mwisho wa 2027. Huwezi kuomba viza hii kabla chuo hakijaiarifu wizara yao ya mambo ya ndani kwamba umemaliza. Kwa hivyo ataomba lini? Baada ya Januari 2027. Ile "miaka miwili" iliyochapishwa kwenye karatasi yenye joho haipo kwake. Ilikufa kabla hajapanda ndege.

Yule kijana aliweka simu chini.

Na hii si mara ya kwanza kwao. Walikuwa na mpango kama huu zamani, wakaufunga Aprili 2012. Waliokuwa madarasani wakati ule wakakuta mlango umefungwa. Miaka tisa baadaye wakafungua tena, sasa wanapunguza. Sisemi hivi kuwalaumu Waingereza, nchi ni yao na sheria ni yao. Nasema ili mjue mnanunua kitu gani. Mnalipa ada leo kwa ruhusa ambayo itatolewa kesho, na anayeitoa hana mkataba wowote na nyinyi.

Tuendelee na hesabu, maana ajenti huishia kwenye ada ya chuo. Viza hii ya kazi ina ada yake, na juu yake kuna malipo ya huduma ya afya, pauni 1,035 kwa kila mwaka tangu Februari 2024. Yanalipwa yote mara moja siku ya kuomba. Kwa miezi 18 hiyo ya afya peke yake inapita pauni 1,550. Pauni moja tuifanye shilingi 170: umepita laki mbili na nusu, na bado hujalipa ada ya viza yenyewe wala kodi ya nyumba. Hizo pesa zitatoka wapi, na wewe ndiyo kwanza umemaliza mtihani? Ukiwa masomoni unaruhusiwa kufanya kazi saa 20 kwa wiki, basi. Ukizidisha umevunja masharti ya viza yako, na wapo waliojiharibia namna hiyo kwa ajili ya zamu za usiku.

Halafu miezi 18 ikiisha? Viza hii haiongezwi. Wala viza hii yenyewe si njia ya kukupeleka kwenye ukaazi wa kudumu. Ukitaka kubaki lazima upate mwajiri mwenye leseni ya kudhamini, kazi ya kiwango cha digrii, na mshahara ambao tangu Julai 2025 kwa kawaida ni pauni 41,700 kwa mwaka. Kijana anayetoka chuoni hupunguziwa hadi 33,400. Wapo wanaopata, wahandisi, wauguzi, watu wa kompyuta. Aliyesoma masta ya "biashara na uongozi" kwenye chuo ambacho hata Waingereza hawakijui, nafasi yake ni finyu sana. Na ile njia ya kazi za kutunza wazee, ambayo wengi hapa bado mwauziwa, Uingereza iliifunga kwa wanaoajiriwa kutoka nje tarehe 22 Julai 2025. Mtu akikuuzia "barua ya udhamini" ya kazi hiyo leo, hiyo ni karatasi ya kufungia mahamri.

Kanada nitapita haraka. Kule ruhusa ya kazi baada ya masomo yaweza kufika miaka 3, na aliyemaliza masta aweza kupata 3 hata kama masomo yake hayakufika miaka 2. Lakini wanakupa mara moja tu maishani. Si kila chuo kinakupa haki hiyo. Tangu 2024 vyuo vya kibinafsi vinavyofundisha mtaala wa chuo cha umma kwa mkataba vimeondolewa kwa wanaoanza upya, na tangu Novemba 2024 kuna mtihani wa lugha, na kwa wasiosoma digrii kuna orodha ya fani. Marekani ni miezi 12, na miezi 24 ya ziada kwa waliosoma sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati. Kwa hivyo swali la kwanza si "nchi gani", ni "chuo gani na somo gani", na jibu lake lazima ulisome mwenyewe kwenye tovuti ya serikali ya nchi ile. Si kwenye statasi ya ajenti.

Ujerumani nataka tukae kidogo, kwa sababu ndiko kelele ziliko. Tarehe 13 Septemba 2024 Kenya na Ujerumani walitia saini mkataba wa uhamiaji kule Berlin. Wiki hiyo mtaa mzima ukasema nafasi 250,000. Nakumbuka mpaka kwenye tuktuk watu wanahesabu nani ataenda. Serikali ya Ujerumani ikajitokeza hadharani ikasema si kweli, mkataba hauna idadi yoyote. Hilo halikusambazwa kama lile la kwanza. Lakini chini ya kelele kuna kitu. Vyuo vingi vya umma kule havitozi karo, ila jimbo la Baden-Württemberg linawatoza wageni euro 1,500 kwa muhula. Ukimaliza unapata miezi 18 ya kutafuta kazi ya fani yako, na katika muda huo unaruhusiwa kufanya kazi yoyote ujikimu. Kikwazo ni lugha, na akaunti iliyofungwa ambayo tangu Septemba 2024 inataka euro 11,904 kwa mwaka. Hizo si za ajenti wala si za chuo. Ni zako, unatolewa 992 kila mwezi ule na ulipe kodi. Ajenti akikwambia zipitie mikononi mwake, ondoka.

Na mtu asije akadhani matapeli ni wale wa vichochoroni tu, wenye ofisi juu ya duka la simu. Kumbukeni ya Uasin Gishu. Kule kaunti yenyewe, serikali, ilipanga kuwapeleka vijana Finland na Kanada. Wazazi wakauza ng'ombe, wakauza mashamba, wakalipa kwenye akaunti waliyoambiwa ni ya mpango. Wengine watoto hawakusafiri kabisa. Wengine walifika Finland, karo haikufika, vyuo vikaanza kuwaambia watafute pesa au warudi. Agosti 2023 aliyekuwa gavana na maafisa wengine wakafikishwa kortini kwa tuhuma za zaidi ya shilingi bilioni moja, wakakana mashtaka. Hayo ni ya mahakama. Sisi twachukua hili: Finland ina kibali cha miaka 2 cha kutafuta kazi kwa aliyemaliza masomo, kizuri kuliko cha Uingereza. Wale vijana hawakukifikia, kwa sababu pesa zilipita kwa mtu wa kati badala ya kwenda moja kwa moja chuoni.

Basi karo ilipwe kwenye akaunti ya chuo, kwa jina la mwanafunzi, risiti ubaki nayo. Hapo sina mjadala.

Jingine ni la aibu lakini lazima lisemwe msikitini. Kuna wanaokopeshwa pesa za kuonyesha benki. Uingereza pesa zinatakiwa zikae siku 28, basi ajenti anakuwekea, unatoa taarifa ya benki, anazichukua na faida yake. Wengine wanatengenezewa taarifa ya uongo kabisa. Mkopo wenyewe una riba, na karatasi ina uongo. Dini tunaijua, siwahubirii. Lakini hata wasiojali dini wajali hili: ukigunduliwa umedanganya, Uingereza yaweza kukufungia miaka 10, Kanada 5. Na fomu za nchi nyingine zitakuuliza kama umewahi kukataliwa viza.

Sasa nije kwenye letu sisi kama harakati, maana mtaniuliza, haki za raia na viza zinakutana wapi? Zinakutana kwenye kabati lako la karatasi. Kijana wa bara aliyepata barua ya chuo anaanza kutafuta karo. Wa kwetu anaanza kutafuta kitambulisho. Cheti cha kuzaliwa kimeandikwa Mohamed, cha KCSE Muhammad, kitambulisho Mohammed, babake kwenye karatasi moja ana majina mawili, kwenye nyingine matatu. Kwa sisi ni mtu mmoja. Kwa afisa wa viza ni watu watatu. Tengenezeni hilo sasa, mkiwa hamna haraka: kiapo cha wakili kwa tofauti ndogo za herufi, na kama jina lenyewe ni jingine, hati rasmi ya kubadili jina inayochapishwa kwenye Gazeti la serikali. Ukingoja mpaka upate barua ya chuo, muhula utakupita.

Na pasipoti si hisani. Katiba, kifungu cha 12, inasema kila raia ana haki ya pasipoti na ya hati za usajili. Kifungu cha 39 kinakupa haki ya kutoka nchini. Kifungu cha 27 kinakataza kubaguliwa kwa dini, na cha 47 kinakupa haki ya kupewa sababu kwa maandishi ukiathiriwa na uamuzi wa ofisi ya serikali. Twajua watu wetu wanavyopigwa msasa wa ziada kwa sababu ya jina na kanzu. Februari 2025 Rais alitangaza kuuondoa ule msasa wa vitambulisho uliowatesa ndugu zetu wa kaskazini mashariki, baada ya miaka na miaka ya kulalamika. Kwa hivyo ukiambiwa "rudi wiki ijayo" mara ya tatu, usigombane, usitoe kitu kidogo. Omba sababu iandikwe, andika tarehe na namba ya dirisha, utuletee.

Waliowahi kukamatwa kwenye misako, na hapa mko, nawaona mnatazama chini. Kukamatwa si kuhukumiwa. Lakini ukiwa uliachiliwa na korti, hakikisha una nakala ya uamuzi kabla ya kuomba cheti cha polisi cha mwenendo mwema. Usifiche, beba ushahidi.

Sisemi msiende. Wako watoto wa Mtongwe na Bamburi waliokwenda wakasoma, wakafanya kazi, leo wanajenga. Na wako waliosoma hapa hapa. Chuo Kikuu cha Kiufundi pale Tudor kilianza kama taasisi ya elimu ya Kiislamu ya Mombasa, kikapokea wanafunzi wa kwanza 1951. Kilijengwa ili vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki wapate ufundi. Digrii ya kwanza hapo, halafu masta nje kwa ufadhili, ni njia ndefu lakini haiuzi kiwanja cha mtu.

Mtaniuliza yule mama alifanyaje. Alirudisha hati kwenye bahasha, akaifunga, akamwambia mwanawe, "Umesikia." Kijana hakujibu. Wiki mbili baadaye alinipigia simu, kaka, nimeandika kwa chuo cha Ujerumani mwenyewe, wanataka cheti cha lugha, pa kujifunzia ni wapi? Bado anajifunza. Sijui kama atakwenda.

Jumamosi tutakuwa na meza ya kukagua karatasi, bure, kuanzia baada ya Alasiri. Njooni na cheti cha kuzaliwa, kitambulisho, vyeti vya shule na karatasi yoyote mliyopewa na ajenti, hata kama mmeshalipa. Mliolipa ndio mje mapema zaidi. Sasa maswali, na tuanze na akina dada waliokaa nyuma, mkono uliinuliwa tangu nilipokuwa Kanada.