Buibui Akaaye Chini ya Kiti



Katika nyumba nyingi za Kenya, mijini na mashambani, aogopwaye ni yule buibui mkubwa, bapa, apitaye ukutani mbio usiku. Hupigwa kwa kiatu mara aonekanapo, naye hana kosa. Kazi yake ni kuwala mende na wadudu wengine. Mwenye sumu ya kuangaliwa ni mwingine, mdogo, mtulivu, na huenda amekaa chini ya kiti cha huyo mpigaji.

Wataalamu humwita Latrodectus geometricus, jina alilopewa mwaka 1841. Mwili wa jike ni kama punje ya haragwe, rangi yake kahawia au kijivu, na miguu yake ina mapingili meusi. Alama ya hakika iko chini ya tumbo: doa la rangi ya chungwa, mfano wa ngoma iliyobanwa kiunoni. Dume ni mdogo mno.

Asiyeweza kuliona doa hilo na atafute mayai. Kifuko chake ni cha mviringo, cheupe kuelekea manjano, nacho kimejaa vijiba pande zote kama tunda la mbigili. Utando wake hauna mpango; ni nyuzi ngumu zilizovurugika chini ya meza, nyuma ya sanduku, katika pipa tupu, ndani ya kiatu kilichoachwa barazani, au chooni.

Mchana hujificha, usiku huning'inia kichwa chini akingoja mawindo. Hamfukuzi mtu. Akiguswa hukunja miguu na kuanguka kama mfu. Huuma abanwapo kwenye ngozi, kama vile mtu ashikapo kiti chini ya ukingo ili akisogeze.

Kwa kawaida maumivu na wekundu hubaki palipoumwa, kisha hutulia. Paoshwe kwa maji na sabuni, pawekwe kitambaa cha maji baridi. Kuchanja kwa wembe hakutoi sumu, huongeza kidonda tu. Lakini mtoto mdogo, au yeyote atokwaye jasho jingi, atapikaye au akazwaye na misuli ya tumbo, apelekwe hospitali bila kukawia.

Kumwua buibui na kuviacha vifuko ni kazi bure, maana kimoja chaweza kuwa na mayai zaidi ya 100. Viti na vigeuzwe, vifuko vipondwe kwa kijiti au vitiwe motoni, na viatu vikung'utwe kabla ya kuvaliwa.