Rimoti ya Gari Ikigoma: Mambo ya Kuangalia Kabla ya Kulipa Fundi

Hotuba kwa wenye magari, madereva na mafundi wa gareji



Magari mengi katika barabara za Kenya yaliingia kupitia bandari ya Mombasa yakiwa yametumika, na mengi hutoka Japani. Kanuni za uagizaji haziruhusu gari lililopita umri wa miaka 8. Hata hivyo, gari la miaka 6 au 7 huja na rimoti ya umri huohuo, na mara nyingi ufunguo wa pili haupo. Siku rimoti inapogoma, mwenye gari huwa hana pa kukimbilia ila kwa fundi.

Ujumbe wa leo ni mmoja. Hitilafu nyingi za rimoti na alamu hutokana na vitu vidogo, na inafaa viangaliwe kwa mpangilio, kuanzia kilicho rahisi. Anayeruka mpangilio huo anaweza kulipia kompyuta ya gari, kumbe tatizo lilikuwa betri ndogo kama sarafu.

Betri ya rimoti

Dalili ya kwanza ni umbali kupungua. Dereva aliyezoea kufungua milango akiwa mbali hulazimika kusogea karibu, kisha kubonyeza mara mbili au tatu. Hapo na afungue rimoti taratibu na kusoma nambari iliyoandikwa kwenye betri. Nambari hiyo ina maana: CR2032 ni betri ya volti 3, yenye upana wa milimita 20 na unene wa milimita 3.2. CR1616 ina upana wa milimita 16 na unene wa milimita 1.6. Betri mpya lazima ilingane na ya zamani, maana iliyo nyembamba kuliko inavyotakiwa huenda isigusane vizuri na vyuma vya ndani. Vyuma hivyo vikiwa na uchafu au kutu, vipanguswe kwa kitambaa chenye spiriti kidogo.

Wazazi wazingatie jambo hili: betri iliyotolewa isiachwe mezani. Mtoto akiimeza na ikakwama kooni, inaweza kumchoma vibaya ndani ya saa 2. Apelekwe hospitali mara moja, bila kusubiri dalili.

Betri mpya isiposaidia

Hatua inayofuata ni kujaribu ufunguo wa pili. Ukifanya kazi, tatizo liko kwenye rimoti ya kwanza. Zikigoma zote mbili, huenda tatizo liko kwenye gari. Fundi apime betri ya gari injini ikiwa imezimwa na gari limepumzika. Betri iliyojaa husoma takriban volti 12.6, na ikishuka chini ya 12 inahitaji kuchajiwa au kubadilishwa. Kisha aangalie fyuzi za milango.

Rimoti nyingi za kisasa hutuma namba mpya ya siri kila zinapobonyezwa. Mtoto akiichezea sana mbali na gari, rimoti na gari vinaweza kupotezana. Mara nyingi dawa yake ni kuisajili upya kwa kufuata kitabu cha gari.

Anayenunua rimoti nyingine awe mwangalifu. Magari ya Japani kwa kawaida hutumia mawimbi ya karibu megahezi 315, na ya Ulaya megahezi 433. Rimoti mbili zinaweza kufanana kama mapacha, lakini moja isisikike kabisa na gari.

Kufungua mlango na kuwasha injini

Haya ni mambo mawili tofauti. Katika magari mengi yenye ufunguo wa kuzungusha, kichwa cha ufunguo kina chipu isiyohitaji betri, ambayo husomwa na gari wakati wa kupiga stata. Kwa hiyo rimoti ikifa, mlango hufunguliwa kwa ufunguo wa chuma na injini huwaka kama kawaida. Katika magari ya kuwashwa kwa kitufe, ufunguo wa chuma hufichwa ndani ya rimoti. Baada ya kuingia, katika magari mengi dereva hugusisha rimoti kwenye kitufe cha kuwashia, hata kama betri yake imekwisha.

Alamu inayolia usiku

Alamu ikilia bila sababu, swichi ya boneti iangaliwe kwanza, kwa kuwa hukusanya vumbi na maji. Kisha swichi za milango: mlango ukifunguliwa na taa ya ndani isiwake, ingawa haijazimwa, huenda swichi ya mlango huo ndiyo yenye hitilafu. Baada ya hapo kiangaliwe kifaa cha kuhisi mtikisiko. Kikiwa kikali kupita kiasi, lori likipita au radi ikipiga, alamu hulia. Fundi anaweza kukipunguza. Betri dhaifu ya gari nayo huweza kuleta kelele hizo.

Katiba ya 2010 iliweka udhibiti wa kelele miongoni mwa majukumu ya kaunti, na zipo kanuni za kitaifa za kelele za mwaka 2009. Hata hivyo, hasara kubwa humpata mwenye gari mwenyewe. Alamu ikilia kila usiku, majirani huizoea. Siku mwizi atakapokuja kweli, hakuna atakayetoka nje.

Kubonyeza hakutoshi

Wapo wezi wanaotumia vifaa vya kuvuruga mawimbi ya rimoti. Dereva hubonyeza na kuondoka, huku gari halijapokea kitu. Kinga yake haina gharama: aangalie indiketa zikimulika, asikilize milango ikijifunga, kisha avute mlango kwa mkono kabla ya kwenda zake.

Anayenunua gari lililotumika adai funguo zote. Ufunguo ukipotea, amwombe fundi anayeaminika aufute kwenye kumbukumbu ya gari, ili atakayeuokota asiweze kuliwasha. Fundi naye ataje bei kabla ya kuanza kazi, na arudishe funguo zote alizokabidhiwa. Gari likiibwa, mwenyewe aripoti mara moja katika kituo cha polisi na apewe nambari ya OB.

Rimoti ni msaidizi tu. Mlinzi wa kwanza wa gari ni dereva anayehakikisha mlango umefungwa kabla ya kuondoka.