Idjwi na Hesabu ya Mabara

Wazee wetu wa Karuba, akina mama, walimu wenzangu, na ninyi vijana mliotoka Sake, Mushaki na Ngungu,

Mtoto wa Masisi aliyesoma hapa kwetu atakuambia mabara ni matano. Ndugu yake aliyesomea ukimbizini Uganda atasema ni saba. Wote wawili walipewa alama zao darasani, na walistahili. Sisi wa Kongo tulirithi hesabu ya Wabelgiji, inayoziunganisha Amerika mbili na kuiacha Antaktika kwa kuwa haina wenyeji. Uganda ilirithi ya Waingereza. Hata Ulaya na Asia hazikutengwa na bahari yoyote: watu walikubaliana tu kwamba mpaka upite kwenye milima ya Ural. Basi tuache kubishana juu ya idadi, tuitazame ardhi yenyewe.

Tuanze na Idjwi, kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Ziwa Kivu. Zamani sana maji ya bonde hili yalielekea kaskazini, upande wa Ziwa Edward na mto Nili. Volkano za Virunga zikainuka, zikaziba njia. Maji yakajaa bondeni, yakauzunguka mgongo wa mlima, na mgongo huo ndio Idjwi. Yalipozidi kupanda yakatokea kusini kupitia mto Ruzizi, yakashuka Ziwa Tanganyika, yakafuata mto Lukuga hadi mto Kongo. Kwa hiyo Idjwi ni bara lile lile tunalolilima hapa, ila miguu yake imefunikwa na maji. Unguja nayo ni hivyo: bahari ilipopanda baada ya zama za barafu, ikaitenga na Tanzania Bara kwa mkondo usio na kina kirefu. Ngazija, huko Komoro, ni kitu kingine kabisa. Moto uliijenga kutoka sakafu ya bahari, na mlima wake Karthala ungali hai. Anayeijua volkano yetu ya Nyiragongo hahitaji maelezo zaidi.

Kumilikiwa ni habari nyingine, nayo inaniuma. Wabelgiji walipewa Idjwi mwaka 1910, kwa mapatano yaliyotiwa sahihi Brussels. Wajerumani wakaiteka Septemba 1914, Wabelgiji wakaitwaa tena 1916. Bahavu wenye kisiwa chao hawakuitwa mezani. Na mambo haya hayakuisha na ukoloni wetu. Mayotte ni mojawapo ya visiwa vinne vya Komoro, lakini tangu 2011 ni idara kamili ya Ufaransa. Réunion, mashariki ya Madagaska, hununua mkate kwa euro. Greenland, kisiwa kikubwa kuliko vyote duniani, kimekaa juu ya mwamba wa Amerika Kaskazini, lakini kiko chini ya Denmark, nchi ya Ulaya.

Walimu, nawaomba: kabla mtoto hajakariri majina ya visiwa vya mbali, mwulizeni Idjwi imesimama juu ya nini, na nani aliyeiandika kwenye karatasi.

Na tukirudi kwenye ardhi yenyewe, bonde letu halijamaliza kazi yake ya kuipasua. Masisi iko kwenye ukingo wa magharibi wa Bonde la Ufa, Rwanda iko mashariki, na kingo hizo zinaachana kwa milimita chache kila mwaka. Madagaska nayo ilikuwa imeungana na Afrika. Ilianza kubanduka zaidi ya miaka milioni 150 iliyopita, kwa ufa kama huu.